Uhuru wa Nani? Mapigano ya Philippi katika Tamthilia ya Juliasi Kaizari

Kitabu cha kigeni kinapotafsiriwa kwa Kiswahili hakibaki tena mgeni wa barazani. Huingia ndani, hukaa mkekani pamoja na wenyeji, na hupimwa kwa maneno yale yale ambayo wenyeji hupimia mambo yao wenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar, iliyotafsiriwa na Mwalimu Julius K. Nyerere. Chapa ya kwanza ilitoka mwaka 1963, mtafsiri akiwa Rais wa Tanganyika, nchi iliyokuwa imepata uhuru wake Desemba 1961. Chapa iliyosahihishwa, yenye jina la Juliasi Kaizari, ilitoka mwaka 1969. Tangu wakati huo walimu na wanafunzi wetu wameweza kuwasikia Brutus na Cassius wakibishana kwa Kiswahili, katika mistari ya shairi isiyo na vina.

Hata hivyo, mazungumzo mengi juu ya tamthilia hii hukomea katikati. Hueleza njama, hueleza kuuawa kwa Caesar, kisha hulinganisha zile hotuba mbili zilizosemwa mbele ya maiti yake. Mapigano ya Philippi, ambayo ndiyo mwisho wa yote, hupitiwa kwa haraka kana kwamba ni mkia tu wa hadithi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba swali kubwa la tamthilia, yaani swali la uhuru, hujibiwa Philippi. Tena jibu lenyewe hatulipati kwa Brutus wala kwa Antony. Tunalipata kwa mtumwa mmoja aitwaye Pindarus, ambaye maneno yake ni machache mno hata wasomaji wengi hawamkumbuki.

Kwanza tuyaweke wazi mambo ya historia. Caesar aliuawa Roma tarehe 15 Machi, mwaka wa 44 K.K. Waliomwua walikuwa watu wa Seneti, nao walidai kwamba wameiokoa Jamhuri kutoka katika mikono ya mtu mmoja aliyetaka kuwa mfalme. Mnamo Novemba mwaka wa 43 K.K., Antony, Octavius na Lepidus waliungana wakajitwalia madaraka yote ya dola, wakaandika orodha za watu wa kuuawa na kunyang'anywa mali. Brutus na Cassius walikuwa wamekwisha kwenda mashariki kukusanya majeshi na fedha. Cassius aliuteka mji wa Rhodes akatwaa dhahabu na fedha zake. Brutus aliuzingira mji wa Xanthus katika nchi ya Lycia, na watu wake wakaona heri kujiteketeza kwa moto kuliko kutekwa. Haya yalitendwa na watu waliosema kwamba wanapigania uhuru.

Majeshi hayo yalikutana mwaka wa 42 K.K. karibu na Philippi, mji wa Makedonia ambao wasomaji wa Biblia wanaujua kwa jina la Filipi. Ulikuwa kando ya barabara kuu iliyotoka pwani ya Adriatiki kuelekea mashariki. Mwandishi Appian anasema kila upande ulikuwa na vikosi vikubwa kumi na tisa, vile ambavyo Warumi waliviita legioni. Brutus na Cassius walikaa mahali pazuri: juu, na chakula chao kikija kwa bahari. Adui zao walikuwa na njaa, na majira ya baridi yalikuwa yakikaribia. Aliyeweza kungoja alikuwa na nafasi ya kushinda. Lakini Antony alikata njia katika kinamasi ili kumzunguka Cassius, na mapema mwezi wa Oktoba mapigano ya kwanza yakazuka. Brutus aliiteka kambi ya Octavius. Antony naye aliiteka kambi ya Cassius. Cassius, akidhani kwamba yote yamepotea, akafa. Wiki tatu hivi baadaye, tarehe 23 Oktoba, Brutus alisukumwa na maofisa na askari wake kupigana tena kabla ya wakati, akashindwa, naye akajiua.

Habari hizi zilimfikia Shakespeare kwa njia ndefu. Plutarch aliziandika kwa Kigiriki zaidi ya miaka mia moja baada ya mapigano. Jacques Amyot alizitafsiri kwa Kifaransa mwaka 1559, na Thomas North akaitafsiri kazi ya Amyot kwa Kiingereza mwaka 1579. Tamthilia ilichezwa London mwaka 1599. Hivyo basi, ilipofika kwetu mwaka 1963, hadithi hii ilikuwa imekwisha kuvuka lugha zaidi ya moja. Hakuna sababu ya kuona aibu kwamba tunaisoma kwa tafsiri. Shakespeare mwenyewe aliisoma kwa tafsiri ya tafsiri.

Jambo la kuangalia ni kile alichokibadilisha. Mabadiliko ya kwanza yanajulikana na wengi: mapigano mawili yaliyotengwa na wiki tatu ameyabana katika siku moja. Jukwaa haliwezi kungoja wiki tatu. Mabadiliko ya pili hayatajwi sana, nayo yanamhusu Pindarus. Katika Plutarch, Pindarus ni mtumwa aliyekwisha kuachwa huru, ambaye Cassius alimweka karibu naye kwa ajili ya saa mbaya kama ile. Wala si yeye aliyepanda kuchungulia mapigano. Katika tamthilia mambo ni mengine. Pindarus bado ni mtumwa. Ni yeye anayetumwa kupanda kilimani kuangalia kwa niaba ya bwana wake mwenye macho dhaifu. Na uhuru wake unakuwa ujira wa kumwua bwana huyo. Mabadiliko haya yote yanaelekea upande mmoja, na mhakiki hana haki ya kuyapita bila kuuliza yanatuambia nini.

Ili kulijibu swali hilo, turudi nyuma kidogo katika tamthilia. Katika sehemu ya tatu, Caesar anapoanguka, wauaji wanapiga kelele za uhuru na kutaka zitangazwe mitaani. Huo ni uhuru wa nani? Brutus anaulizwa na umma sababu za mauaji, naye anajibu kwa hotuba safi, iliyopangwa vizuri, isiyotaja mkate, wala shamba, wala deni. Anawaambia kwamba wangekuwa watumwa wa Caesar. Mmoja katika umma, akifurahishwa na maneno hayo, anapendekeza Brutus mwenyewe afanywe Caesar. Wasomaji hucheka hapa na kuwaona watu wale ni wajinga. Sisi twaona kwamba mtu yule ameelewa vizuri zaidi kuliko msemaji. Alichoahidiwa ni bwana mwingine aliye mwema zaidi. Hakuahidiwa jambo jingine lolote. Kisha anakuja Antony, ambaye anajua kuzungumza juu ya fedha na bustani zilizoachwa katika wosia, na umma unamfuata. Tusiwalaumu kwa wepesi. Kati ya wasemaji wawili, ni mmoja tu aliyetaja kitu ambacho wangeweza kukishika mkononi, ingawa alikitaja kwa hila.

Katika sehemu ya nne, hemani, Brutus anamkaripia Cassius kwa sababu ya rushwa. Kisha, katika ugomvi huo huo, analalamika kwamba alimwomba Cassius dhahabu ya kuwalipa askari akanyimwa, maana yeye mwenyewe hawezi kuwanyang'anya wakulima vijisenti vyao kwa njia chafu. Maneno haya yamesifiwa sana kama ushahidi wa usafi wa moyo wake. Lakini tujiulize: dhahabu ya Cassius ilitoka wapi? Brutus hataki kuuchafua mkono wake, bali yu tayari kupokea kilicholetwa na mkono uliokwisha kuchafuka. Shakespeare hamtetei hapa wala hamshitaki. Anamwacha aseme, nasi tusikie. Mkulima anatajwa mara moja, tena kama mtu ambaye mali yake yaweza kutwaliwa au kutotwaliwa. Yeye hana sauti.

Sasa twende Philippi. Cassius amesimama kilimani, kambi yake inawaka moto. Anamtuma rafiki yake Titinius aende kuangalia kama askari wanaoonekana mbali ni wenzao au ni adui. Halafu anamwamuru Pindarus apande juu zaidi na kumweleza anayoyaona. Pindarus anaona wapanda farasi wakimzunguka Titinius, anasikia kelele za furaha, na anasema kwamba Titinius amekamatwa. Kumbe wale walikuwa watu wa Brutus wakimshangilia kwa ushindi wao. Cassius haulizi mara ya pili. Anamwita Pindarus ashuke na kumkumbusha kwamba alimteka katika nchi ya Parthia, akamwachia uhai wake kwa kiapo kwamba atatenda lolote atakaloamriwa. Sasa anamwamuru atimize kiapo: ashike upanga ule ule uliomchoma Caesar, amwue, na kwa tendo hilo awe huru.

Wapo wasomaji wanaomlaumu Pindarus kuwa ndiye aliyeiangusha Jamhuri kwa macho yake mabaya. Hata katika zama za kale walikuwapo walioshuku kwamba alimwua bwana wake bila ya kuamriwa. Plutarch anaitaja shuku hiyo. Ni desturi ya dunia: jambo linapoharibika katika nyumba ya bwana, anayetazamwa kwanza ni mtumwa. Lakini tamthilia haituruhusu kumhukumu hivyo. Kabla ya Pindarus kufumbua kinywa, Cassius alikuwa amekwisha kuwaona ndege wa mizoga wakilizunguka jeshi lake, na amekwisha kusema kwamba siku yake ya kuzaliwa ndiyo itakayokuwa siku yake ya kufa. Messala, anapoiona maiti, hailaumu habari mbaya. Anaulaumu moyo uliokata tamaa, ambao huzaa makosa. Pindarus alieleza alichokiona. Aliyekosa kusubiri ni bwana.

Na baada ya tendo lile, Pindarus anasema nini? Maneno yake ni mistari michache tu. Anasema kwamba sasa yu huru, ila asingekuwa huru kwa namna hii kama angethubutu kufuata hiari yake. Kisha anakimbia, aende mbali ambako hakuna Mrumi atakayemtambua. Hatumwoni tena.

Tuyatafakari maneno haya. Katika tamthilia nzima, ambayo imejaa kelele za uhuru, mtu mmoja tu anapata uhuru kwa hakika, naye anaupata kwa amri. Hata saa anapofanywa huru, anatii. Hakuuchagua uhuru wake. Alitumwa kuuchukua, kama alivyotumwa kupanda kilima. Tena uhuru huo hauna mahali pa kukaa. Katika dola nzima ya Warumi, ile ambayo Brutus alitaka kuiokoa na ile ambayo Octavius atakuja kuijenga, hakuna hata pembe moja ambamo Pindarus anaweza kukaa akiwa mtu huru bila kuogopa. Kwake yeye mapigano ya Philippi hayana mshindi.

Linganisha na mwisho wa Brutus. Anawaomba rafiki zake mmoja baada ya mwingine wamsaidie kufa, nao wanakataa. Anayekubali kuushika upanga ni Strato, ambaye katika tamthilia ni mtumishi wake. Mara tu baadaye wanaingia washindi. Octavius anasema kwamba wote waliomtumikia Brutus atawachukua yeye, na anamwuliza Strato kama atakubali kumtumikia. Strato anajibu kwamba atakubali ikiwa Messala atamkabidhi kwake. Mambo yanakwisha kwa utaratibu, kama vile ng'ombe wanavyohamishwa kutoka zizi moja kwenda zizi jingine baada ya kufa mwenye zizi. Bwana mmoja amekufa kwa ajili ya uhuru, bwana mwingine ameshinda, na mtumishi amebaki mtumishi. Sifa kubwa anazompa Antony marehemu Brutus zinasemwa hapo hapo. Mshindi hapungukiwi na kitu anapomsifu aliyekwisha kufa. Na Antony ni yule yule aliyeonyesha mbele ya umma jinsi sifa zinavyoweza kutumiwa kama kisu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapotusaidia kuona yaliyofichika. Neno uhuru tulilipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni hali ya mtu asiye mtumwa. Katika pwani yetu, kumwacha mtu huru kulikuwa ni kumtoa utumwani. Baadaye neno hilo hilo likawa mwito wa mataifa yaliyotaka kujitawala. Mwalimu anayeieleza tamthilia hii kwa Kiswahili hana budi kutumia neno moja kwa kelele za maseneta juu ya maiti ya Caesar na kwa hali ya Pindarus anapokimbia. Lugha yetu inaziunganisha ncha mbili za tamthilia, na kutulazimisha tuulize kama kilichotajwa mwanzo na kilichopatikana mwisho ni kitu kimoja.

Ndivyo lilivyo pia neno uungwana. Mwungwana ni mtu aliyezaliwa huru. Mwungwana vilevile ni mtu mwenye adabu na moyo mwema. Maana ya pili imezaliwa na ya kwanza, nayo imechukua upendeleo wake. Tunapomwita Brutus mwungwana, tunamsifu kwa tabia au kwa nasaba? Wahenga walisema: ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo. Methali hii humgawia mtumwa maneno na mtu huru matendo. Lakini katika Philippi mambo yamepinduka. Waungwana wananena, tena wananena vizuri mno. Na tendo zito kuliko yote, la kushika upanga na kukamilisha kifo, linaachiwa mkono wa mja. Methali yetu na tamthilia ya Shakespeare zinahojiana, na mwanafunzi anayeyasikia mahojiano hayo amekwisha kuanza kazi ya uhakiki.

Wala tusidhani kwamba jambo hili limezuliwa na sisi tu. Katika miaka ya 43 na 42 K.K. Brutus alipiga sarafu za fedha kwa ajili ya jeshi lake. Upande mmoja zilikuwa na majambia mawili na kati yake kofia. Kofia hiyo ndiyo iliyovaliwa na mtumwa siku ya kuachwa huru. Upande wa pili zilikuwa na kichwa cha Brutus mwenyewe, ingawa kuweka sura ya mtu aliye hai katika sarafu za Roma lilikuwa ni jambo alilolianza Caesar. Maseneta waliazima kofia ya mtumwa ili waieleze fahari yao. Mtumwa mwenyewe hawakumwazima kitu. Plutarch anasimulia kwamba kabla ya mapigano ya pili Brutus aliwaahidi askari wake miji miwili, Thessalonica na Lacedaemon, waipore wakishinda. Na Plutarch, ambaye anampenda Brutus, anasema kwamba kosa hili haliwezi kutetewa. Kwa upande wa pili, washindi waliwalipa askari wao kwa mashamba ya miji kumi na minane ya Italia, na wakulima wengi wakafukuzwa. Mwaka wa 27 K.K. Octavius alipewa jina la Augustus, na Jamhuri ikabaki jina tu.

Huenda msomaji akatuuliza: je, hatumlishi Shakespeare maneno? Yeye aliishi chini ya malkia, wala hakuandika kwa ajili ya kuwatetea watumwa. Hoja hii ni ya haki. Hatusemi kwamba alikuwa mpigania ukombozi. Tunasema kwamba alikuwa na jicho la kuona, na kwamba alibadilisha habari za Plutarch mahali hapa hasa. Kazi ya fasihi yaweza kuonyesha zaidi ya yale ambayo mtungaji wake angekubali kuyahubiri. Kwa sababu hiyo hatukubaliani pia na wale wa upande wa pili, wanaosema kwamba tamthilia ya mabwana wa Roma, iliyoandikwa na Mwingereza, haina nafasi katika utamaduni wa taifa letu. Wakiitupa, wanamtupa Pindarus pamoja na Brutus. Na kwetu sisi Pindarus si mgeni. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukapigwa marufuku katika sheria za Zanzibar mwaka 1897. Tanganyika ilingoja mpaka mwaka 1922. Wengi walioachwa huru katika visiwa vile walijikuta hawana ardhi, wakaendelea kukaa na kufanya kazi katika mashamba ya karafuu ya watu wengine. Wazee wao wangelielewa swali la Pindarus bila ya kufafanuliwa: huru, haya, lakini niende wapi?

Kwa walimu tunapendekeza jambo moja. Mfikapo sehemu ya tano, msiharakishe kuorodhesha sifa za Brutus na kasoro za Cassius. Mwulizeni mwanafunzi ahesabu ni nani wanaosimama jukwaani bila ya kusema, na ni nani wanaosema mara moja kisha wakatoweka. Mwulizeni, baada ya mapigano, hali ya kila mmoja wao imebadilika kwa kiasi gani. Mwambieni aandike ukurasa mmoja juu ya safari ya Pindarus baada ya kutoka jukwaani. Mwanafunzi atakayefanya hivyo kwa makini atajifunza fani, maana ataona jinsi mtungaji anavyojenga mhusika kwa mistari michache; na atajifunza maudhui, maana atajua kwamba neno kubwa halitoshi mpaka liulizwe linamfikia nani.

Brutus alikuwa mtu mwaminifu, nasi hatuna haja ya kumvunjia heshima. Alikufa kwa ajili ya jambo aliloliamini. Lakini uhuru aliouamini ulikuwa na mlango mwembamba, nao ulipitisha watu wa namna yake tu. Philippi ilipokwisha, mlango huo ulifungwa hata kwao. Nje yake alikuwapo mtu mmoja akikimbia, na mpaka leo tamthilia haijatuambia alifika wapi.